Mililita Ishirini na Mbili

Silvère alisukuma bomba la sindano kwa kidole gumba, tone baada ya tone. Kichwa cha silinda kilikuwa kimepinduliwa juu ya debe, kikombe chake cha ndani, ambamo petroli hulipuka, kikitazama juu, plagi imekazwa kwa chini ili kuziba tundu. Juu ya kikombe alikuwa amelaza kipande cha plastiki angavu chenye kitundu katikati, na pembeni amekizungushia grisi ili oili isivuje. Povu la mwisho likasogea chini ya plastiki, likatokea kwenye kitundu, likapasuka. Alilisogeza bomba karibu na jicho, akasoma mistari ya mililita, akasoma tena.

“Kumi na tisa,” alisema, akaandika kwenye daftari la shule.

Munyaneza, mwenye duka, alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya kufuma, mikono nyuma. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja katika uchochoro wa Biryogo, kati ya fundi cherehani na mama muuza sambusa, na vyuma vilikuwa vimemwagika mpaka nje. Tangu asubuhi alikuwa akimtazama mteja huyu akijaza oili na kumwaga, akifuta kwa kitambaa na kujaza tena.

“Fundi,” alisema hatimaye, “unanunua chuma, ama unakipima homa?”

Fundi cherehani alicheka bila kuinua uso. Silvère naye alitabasamu kidogo, akavuta kichwa cha pili. Hakupenda kusemwa mbele za watu, lakini alijua kwamba akiharakisha atakosea, na kosa lingemgharimu zaidi ya kicheko.

Alikuwa na pikipiki ya magurudumu manne, injini ya mipigo miwili, zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Alipewa na mhandisi mmoja wa mashamba ya mpunga huko Burundi badala ya mishahara ya miezi mitatu, akaja nayo Kigali juu ya lori mwezi wa tisa, yeye na mkewe Béatha na mtoto wao Akimana. Watu wa Masaka, walikohamia pembezoni mwa mji, waliiita Miguu Mine. Ilivuta tela lenye madumu kumi ya maji kutoka chemchemi ya bondeni hadi kituo cha watoto kilichokuwa juu ya kilima. Watoto mia na ishirini, wengi wao hawana wa kuwaulizia, na bomba la mji lilikuwa halijatoa maji tangu vita. Gari haliwezi kushuka njia ile. Miguu Mine iliweza, mpaka Jumatano ilipokwama katikati ya mlima na kutoa harufu ya chuma kilichoungua.

Silinda ilikuwa imesalimika na pistoni ilikuwa na michubuko ya kusafishika kwa msasa. Kichwa ndicho kilichopasuka, ufa mwembamba kutoka tundu la plagi hadi ukingoni.

Cha kiwandani hakikupatikana Kigali nzima. Munyaneza alikuwa na viwili vilivyotengenezwa na watu wengine, vyote vikiingia kwenye injini ile. Hakusema alivipata wapi, na Silvère hakuuliza. Mwaka ule maswali ya namna hiyo watu waliyaacha yalale. Cha kwanza kilikuwa cheupe, kinang'aa, mapezi yake ya kupoozea joto ni membamba, kimetengenezwa kwa ajili ya mashindano. Cha pili kilikuwa cha kijivu, kizito, kinaparuza kama sufuria ya zamani.

“Ishirini na saba,” Silvère alisema baada ya kukipima hicho cha pili. Kile chake kilichopasuka, alichokuwa amekipima jana nyumbani, kilikuwa ishirini na tatu.

“Sasa niambie mimi mjinga,” alisema Munyaneza. “Hizo namba ziko na faida gani?”

Silvère alimweleza, kwa sauti yake ya chini. Kikombe kikiwa kidogo, moto unabanwa sana, injini inapata nguvu, lakini ikinyweshwa petroli mbaya inagonga ndani na kutoboa pistoni. Kikombe kikiwa kikubwa, injini inakuwa pole, inavumilia petroli yoyote, ila mlimani inachoka.

“Basi chukua hii kali,” Munyaneza alisema. “Hapa si Bujumbura. Hapa hewa iko nyepesi na milima iko mingi.”

Hilo Silvère alilijua; hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu. Lakini kila mtu aliyemwonyesha ule ufa, kuanzia fundi wa Kabuga hadi Munyaneza mwenyewe, alikuwa amesema neno moja: petroli ya njiani imetiwa mafuta ya taa. Kama ni hivyo, kichwa kikali kingeua injini ndani ya juma moja, na fedha aliyokuwa nayo mfukoni ilitosha kununua kichwa kimoja tu. Alikaa juu ya debe muda mrefu, vichwa viwili mapajani kama mtu anayelea mapacha. Kisha akarudisha kile kinachong'aa, akalipia kile cha kijivu.

Alipofika pale uchochoro ulipokunja, alimsikia fundi cherehani akiuliza huyo alikuwa nani, na Munyaneza akijibu: “Daktari wa vyuma.”

*

Ofisi ya kituo cha watoto ilikuwa Remera, chumba cha kupanga juu ya duka la mablanketi. Silvère alipita hapo akirudi nyumbani, kichwa cha silinda kimefungwa kwa gazeti chini ya kwapa. Karani alitazama gazeti likilowa oili, akamwomba akiache kitu chake nje. Alikiacha kwenye ngazi, na muda wote aliokuwa akisubiri kwenye benchi aliuegesha mguu mlangoni ili aweze kukiona.

Kellen, mwenye kusimamia kituo, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyekulia Kampala. Kiswahili chake alikijulia sokoni na alikizungumza bila mapambo. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa mkono, akamuuliza hali ya mtoto, akamsikiliza mpaka mwisho. Silvère alimweleza kwamba kwa kichwa hiki kipya Miguu Mine ingepanda na madumu sita, siyo kumi, na kwa hiyo maji yangekamilika adhuhuri.

“Mzee Silvère,” alisema Kellen, “mimi injini siijui. Nina watoto mia na ishirini wanaoamka na njaa. Wapishi wanataka madumu arobaini kabla ya saa tatu. Ulinipa arobaini miezi miwili, nikakusifu kila mahali. Sasa ni siku nne wale wakubwa wao wanabeba maji kwa kichwa, na mmoja jana ameanguka.”

Silvère alisema pole. Akauliza kama ameumia.

“Goti.” Kellen aligeuza kalamu mezani. “Rugamba ana pikapu. Anasema ataegesha barabarani, atatafuta wanawake wa kupandisha maji kutoka bondeni. Ni ghali kuliko wewe. Lakini ataniletea arobaini. Jumanne asubuhi nataka kuona arobaini, yako au yake. Usinifikirie vibaya.”

Alisema hamfikirii vibaya, na ilikuwa kweli. Kuanzia saa kumi na mbili, watu wanaporuhusiwa kutembea, hadi saa tatu, zilipatikana safari nne. Nne kwa sita ni ishirini na nne. Alizipiga hesabu hizo akishuka ngazi, na tena kwa miguu njia yote hadi Masaka, kana kwamba zingebadilika. Kazi ile ndiyo iliyowalisha. Nyumba waliyokaa walipewa na ofisi ya sekta, serikali ya mtaa, mpaka mwenyewe atakapoonekana, kiwanja hakikuwa chao, hata maharage yaliyoota nyuma ya choo yalipandwa na mtu mwingine.

*

Béatha alikuwa akichambua mchele uani, Akimana amelala mgongoni. Alikisikiliza kisa cha Biryogo, akacheka aliposikia habari ya kupima homa. Silvère alipofikia habari ya Kellen na goti la yule mtoto, Béatha aliacha kuchambua.

“Kwa hiyo ni petroli,” alisema.

“Wote wanasema ni petroli.”

“Na wewe?”

Silvère alifungua daftari. Alhamisi, siku aliyofungua injini, alikuwa ameandika: *Pistoni juu ni safi, haina vidonda. Michubuko iko ubavuni, upande wa moshi.* Petroli mbaya ingeacha vidonda juu, kama chuma kilichodonolewa na kuku. Aliliona jambo hilo, akaliandika, kisha akaliacha kwa sababu watu watatu walishasema vingine.

“Sijui,” alisema. “Labda.”

Béatha aliweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa huko kwa muda usio wa kawaida. Alipotoka alikuwa na chupa mbili na kopo dogo la nyanya. Chupa moja ilikuwa ya bia, ya kioo. Ya pili ilikuwa ya plastiki, ya maji ya kunywa, zile zilizoachwa kila mahali na wageni wa misaada. Alizisimamisha mbele ya mumewe, akajaza maji chupa ya bia, akayamimina katika ile ya plastiki. Yalifika katikati. Akajaza tena, akamimina. Ndipo ikakaribia kujaa.

Silvère alitazama chupa, akamtazama mkewe, akazitazama tena chupa.

Kuchanganya petroli ilikuwa kazi ya Béatha. Kunapopambazuka Silvère hutangulia kwa miguu kupanga madumu kwenye chemchemi kabla foleni haijawa ndefu, naye Béatha hubaki akichanganya, ili mumewe akirudi aikute Miguu Mine tayari. Alimfundisha tangu Bujumbura, kule ambako petroli ya njiani huuzwa kwa chupa za bia na kila fundi wa mtaa wa Buyenzi hupima kwa njia hiyo hiyo: chupa tatu, kopo moja la oili.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Juma la tatu hili. Yule mama wa petroli alisema chupa za bia zinatakiwa tena, bia imeanza kutoka. Akaanza kuuza kwa hizi.” Sauti yake ilikuwa sawasawa, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. “Bei iliongezeka maradufu. Nikasema basi, kila kitu kimepanda. Chupa tatu, kopo moja. Sikuangalia chupa, Papa Akimana. Nilihesabu tu.”

“Umejua leo?”

“Nimejua jana, nilipokuwa naosha hii ya bia. Nilishindwa kukwambia.”

Alisubiri. Mtoto alijigeuza mgongoni, naye akamtuliza kwa kiganja bila kuangalia nyuma.

Silvère alikuwa akikumbuka kitu kingine. Majuma hayohayo matatu aliona petroli inadumu mara mbili ya zamani. Wakati huo ndipo alipokuwa ametoka kurekebisha kabureta kwa ajili ya hewa ya huku juu, na alifurahi. Alimwambia hata Kellen, na wenzake pale chemchemini, kwamba mikono yake imeipunguzia Miguu Mine kiu. Aligeuza kurasa za daftari, akalikuta neno hilo limeandikwa kwa mkono wake: *Petroli inatosha siku mbili badala ya moja. Kabureta sasa ni nzuri sana.* Nzuri sana alikuwa ameipigia mstari.

Alimsogezea Béatha daftari asome. Béatha alisoma, polepole, na kona ya mdomo wake ikatikisika.

“Ulijisifu,” alisema.

“Nilijisifu.”

“Nami nilikuwa najisifu moyoni kwamba oili haiishi.”

Chupa mbili zilikuwa bado katikati yao. Injini ilinyimwa nusu ya oili yake, ikachemka, ikapasuka kichwa. Petroli haikuwa na kosa, au haikuwa na kosa kubwa kiasi hicho. Na kama petroli haikuwa na kosa, kichwa kilichopaswa kununuliwa kilikuwa kimebaki Biryogo, na hiki cha kijivu, kilichomaliza fedha yao yote, kilikuwa hapa ndani ya gazeti.

“Atakubali kukibadilisha?” Béatha aliuliza.

“Atataka kujua kwa nini.”

“Basi nitakwenda mimi.”

*

Jumapili Béatha hakwenda misa. Alivaa kitenge chake cha misa hata hivyo, akamfunga Akimana mgongoni, yeye na mumewe wakatembea hadi barabara kuu wakapata gari la kuelekea mjini.

Munyaneza alikuwa amefungua duka na anakunywa chai. Alipomwona Silvère na lile gazeti alitikisa kichwa kabla hajasalimiwa.

“Jana daftari lilisema hii ya kijivu,” alisema. “Leo Jumapili limebadili dini?”

Fundi cherehani alisimamisha cherehani yake asipitwe. Wanaume wawili waliokuwa wakila sambusa waligeuka pia. Silvère alianza kueleza kwamba sababu ya ule ufa alikuwa ameielewa vibaya, na Munyaneza akamkatiza. Alisema kwamba chuma kikishatoka dukani kimetoka, kwamba akikubali leo, kesho uchochoro mzima utajaa watu wanaorudisha vyuma, na kwamba fundi asiyejua kilichoua injini yake asimsumbue mwenye duka.

“Anajua,” alisema Béatha. “Niliyeua ni mimi.”

Alisema habari yote pale pale, amesimama, chupa ya bia, chupa ya maji, kopo la nyanya, bei iliyopanda. Hakuinamisha macho ila mara moja, alipofika kwenye bei, kwa sababu mmoja wa wale wala sambusa alicheka. Alipomaliza, alikaza upya nguo iliyomfunga Akimana.

Munyaneza aliweka kikombe cha chai chini.

“Mama,” alisema kwa sauti nyingine, “rudia hapo. Hizo chupa za maji. Kopo moja kwa chupa ngapi?”

“Tatu.”

“Na nyinyi mnatoka Bujumbura.”

“Ndiyo, baba.”

Munyaneza aliingia ndani, akarudi na boksi, akalifungua. Lilikuwa na pistoni nne za pikipiki, zote zimechubuka ubavuni, zote upande mmoja. “Zimeletwa hapa mwezi huu,” alisema. “Wote nimewaambia ni mafuta ya taa. Na wote, wallahi, ni watu wa Bujumbura.” Alianza kucheka, tumbo likaruka, na fundi cherehani akacheka, hata Béatha akacheka akiwa bado na machozi ambayo hakuwa ameyaruhusu yatoke. “Mama, nakuomba kitu kimoja. Usiwatangazie mpaka nimalize kuuza pistoni zangu.”

Alikichukua kile kichwa cha kijivu, akakigeuza juani, akapitisha ukucha kote kutafuta alama mpya, hakuona. Akaleta kile kinachong'aa. Hakuongeza bei. Alisema tu, akimtazama Silvère na siyo mkewe, kwamba hiki hakitarudishwa. Kikishaguswa na kisu ni mali yao hata kama kimetoboka.

“Nitakigusa na kisu leo hii,” alisema Silvère.

*

Hilo alikuwa amelifikiria ndani ya gari. Kumi na tisa ni kali mno, hata kwa hewa nyepesi ya Masaka, hata kwa petroli safi. Ishirini na tatu ndiyo iliyokuwa sawa kule bondeni kwa Bujumbura. Kwa huku juu alitaka ishirini na mbili. Kikombe kikubwa huwezi kukipunguza, lakini kidogo unaweza kukipanua, ukikwangua ndani kidogo kidogo na kupima kila mara. Ni kazi ya mashine. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na kisu kilichopindwa ncha, msasa wa aina mbili, na mchana uliobaki.

Alikaa kwenye kizingiti, kichwa cha silinda mapajani, akakwangua kwa duara, kutoka katikati kwenda nje, akahesabu mizunguko hamsini, akageuza, hamsini tena, ili kikombe kisizidi upande mmoja. Vumbi jeupe la chuma lilishika kwenye nywele za mikono yake. Kila baada ya mizunguko mia nne alikiosha kwa petroli, akakausha, akakaza plagi, akapaka grisi, akalaza plastiki. Béatha alishika bomba na kusoma.

“Kumi na tisa na nusu.”

Jirani alipita na mbuzi, akauliza kama Miguu Mine imepona. Silvère alisema bado iko hospitali. Walikula maharage na wali wakiwa wamesimama. Akimana alipewa kopo la nyanya achezee, akanyang'anywa, akalia, akapewa kijiko.

“Ishirini.”

Jua lilipokuwa limeshuka hadi kwenye migomba ya jirani, Béatha alijaza kwa mara ya mwisho, akasubiri povu litoke, akasogea kwenye mwanga uliobaki.

“Ishirini na nusu,” alisema. “Imebaki moja na nusu.”

Silvère alichukua kisu. Akakiangalia kikombe, ambacho sasa kilionekana cha rangi moja tu, bila kina, akapitisha kidole ndani. Alikiweka kisu chini.

“Unaacha?” Béatha aliuliza. “Jumanne ni kesho kutwa.”

“Nikikwangua bila kuona, nitapita. Kikipita hakirudi.” Alikiviringisha kichwa cha silinda katika kitambaa safi. “Kesho asubuhi namaliza hiki. Mchana nasawazisha uso wake kwa msasa juu ya kioo, nafunga, na jioni tunapandisha madumu kumi kwa majaribio.”

“Na kikigoma jioni?”

Alifikiri kabla ya kujibu. “Basi Jumanne asubuhi nitakwenda kwa Kellen kabla ya Rugamba, nimwambie mwenyewe.”

Béatha aliitikia kwa kichwa. Alichukua chupa ya plastiki, akamimina ndani yake chupa moja ya bia iliyojaa maji, akakwaruza mstari kwa ncha ya kisu pale maji yalipofikia. Akapiga magoti, akamimina ya pili, akakwaruza tena. Halafu akampa mumewe aangalie mistari kama iko sawa. Yeye akachukua daftari, akaandika chini ya namba za siku ile, kwa mwandiko wake mnene: *20½*, na mbele yake akaacha nafasi ya namba ya kesho.